Mwaka wa Sindano

9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umzima na kwamba ule mguu umeanza kukutii. Sisi huku hatujambo. Baba ametolewa mtoto wa jicho wiki mbili zilizopita, na tangu hapo anaona vumbi kila mahali, anatugombeza kama tumelileta sisi jana yake. Kazini wameniongezea jengo la ghorofa kumi na nne lenye lifti mbili kongwe, zinagoma kwa zamu. Nikiimaliza hii, ile inaanza. Mwalimu anasema hata darasa lake la hesabu halina utundu wa namna hiyo.

Nimezoea kukuandikia sasa. Miaka thelathini ya mitambo ya uchapaji ilipokula masikio yako na simu ikawa haina maana tena, nilinung'unika. Leo naona afadhali. Hili ninalotaka kukwambia nisingeweza kulitamka.

Mimi na Mwalimu tuna miaka saba kwenye ndoa. Hujawahi kuniuliza chochote, wala kunitazama tumbo kabla ya kunitazama usoni. Mwezi uliopita tulikwenda kliniki ya uzazi, na daktari ametaja kupandikiza mimba. Yale wanayoita watu mtoto wa chupa. Nina miaka thelathini na sita. Sijamwambia mtu yeyote, na tangu siku ile napumua kwa tahabu kila nikipita kwenye lile duka la nguo za watoto. Naogopa, Shangazi, na sijui hasa naogopa nini.

Binti yako,
Nyundo


28 Januari

Nyundo mwanangu,

Marahaba. Mguu hautii, ila tumekubaliana: asubuhi wake, mchana wangu. Mwambie kaka yangu kwamba vumbi lilikuwepo siku zote, yeye ndiye hakuwepo.

Umeandika "tahabu". Ni "taabu". Kazi ya kusahihisha maandishi ya watu hainitoki, hata niwe nimestaafu. Nimekusamehe kwa sababu ya habari yenyewe.

Mimi si daktari. Niliwahi kusahihisha vitabu viwili vya udaktari tangu jalada hadi jalada. Nilizijua herufi zote na sikuelewa kitu. Kwa hiyo ushauri sina, nina maswali. Nayaweka kwa mpangilio wangu, nawe unijibu kwa mpangilio huohuo.

Mwalimu amepimwa? Sisemi atapimwa, wala amekubali kupimwa. Amepimwa, na karatasi ya majibu umeiona kwa macho yako?

Hilo likishajibiwa ndipo uniambie wanafanya nini, kwa siku ngapi, na kwa mtu wa umri wako huwa inafanikiwa mara ngapi. Usikubali kuambiwa "tutajaribu". Kila mtu hujaribu. Na uwaulize nini kinaweza kwenda vibaya, maana wasipokwambia wao atakwambia jirani, tena kwa chumvi nyingi.

Sijamwambia mtu. Barua yako nimeiweka mahali ambapo hata mimi itanisumbua kuipata.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Nilimsomea lile la vumbi akacheka mpaka akatafuta dawa ya macho.

Najibu kwa mpangilio wako. Ndiyo, Mwalimu amepimwa. Amepimwa mara mbili, na karatasi zote mbili nimezisoma. Tena yeye ndiye aliyeanza. Tulipofika kliniki nilikuwa tayari nimevua saa na pete, nadhani nilitegemea kulazwa palepale. Daktari akafungua faili langu. Mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasema, "Anza na mimi. Kipimo changu ndicho rahisi." Na ndicho kilichosema kitu. Mbegu zake ni chache mno, na hizo chache haziogelei inavyotakiwa. Mimi sina kasoro ila umri: mayai yapo, lakini hayaningojei.

Wanavyofanya ni hivi. Kwa siku kumi hadi kumi na mbili nitajidunga sindano za homoni tumboni, kila jioni saa ileile, ili mwezi mmoja upevushe mayai mengi badala ya lile moja la kawaida. Kila siku mbili tatu wanapima damu na kuangalia kwa ultrasaundi. Kisha inapigwa sindano ya mwisho, kwa saa kamili waliyoandika wao, na siku ya pili yake wananilaza usingizi kidogo na kuyatoa kwa sindano. Maabara wanachukua mbegu moja ya Mwalimu na kuiingiza ndani ya yai moja, yai kwa yai. Yatakayotunga, sasa yanaitwa viinitete, wanayalea siku tano. Kimoja wanakirudisha tumboni, vingine vinagandishwa. Viwili kwa mpigo hawataki, wanasema mapacha wana hatari zao. Kwa umri wangu, kila kinaporudishwa, ni kama mara moja kati ya tatu. Daktari alisema hivyo akinitazama machoni. Hatari kubwa ya dawa ni tumbo kujaa maji mayai yakiitikia kupita kiasi, ndiyo maana wanapima kila mara.

Sasa nikwambie la Jumapili.

Tulikwenda kwa mama mkwe. Unajua mama Mwalimu haninyimi chakula, ila lazima nimeze na neno. Safari hii alisema, "Hizo kazi za kupanda juu ya lifti na kubeba vyuma ndizo zimekuharibu." Nimeshazoea, nikaendelea kula. Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Mama, tatizo ni langu."

"Usimfunike mkeo."

"Simfuniki. Nimepimwa mara mbili." Akatoa karatasi mfukoni, akazikunjua mezani, akazinyoosha kwa kiganja.

Mama hakuzigusa. "Katika ukoo wetu hakuna jambo hilo."

"Basi limeanza na mimi."

Shangazi, pale nilitaka meza inifunike. Mama aliinuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Mwalimu akamfuata. Niliwaona kupitia mlangoni: yeye anaosha, mtoto wake anafuta. Sahani zote za nyumba ile zilioshwa. Tulipoaga, mama alinishika mkono lakini hakuniangalia.

Nimeolewa na mtu, Shangazi. Nilikuwa najua, ila siku ile ndiyo nilimwona.

Nami nina swali moja. Kwa nini la kupimwa Mwalimu uliliuliza kwanza?

Nyundo


11 Machi

Nyundo,

Marahaba. Barua yako haikuwa na kosa hata moja. Nimeipekua mara mbili nikitafuta.

Ile sehemu ya Jumapili niliisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Mwambie Mwalimu hivyo, kwamba mwanamke mzima mwenye mguu mbovu alisimama jikoni kwake peke yake kwa ajili yake. Wanaume wanaoweza kubeba gunia ni wengi. Wa kubeba karatasi ile mpaka mezani kwa mama yake, nimefika umri huu sijawahi kumwona mwingine.

Zile siku za sindano, kula vizuri na punguza kubeba vizito. Waambie kazini una matibabu, usiwaambie zaidi ya hapo.

Kuhusu swali lako, naona barua imekuwa ndefu mno. Tutaliongea siku nyingine.

Shangazi


24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako "ndefu mno" ilikuwa nusu ukurasa. Nimeiona hiyo, nimenyamaza.

Yamefanyika. Nakuandikia nikiwa katikati ya kungoja, na mkono unahitaji kazi.

Sindano ya kwanza nilifundishwa na muuguzi mmoja mwenye sauti nzito kama kondakta. Alinishikisha sindano akasema, "Wewe unafungua breki za lifti, utashindwa na hiki kijiti?" Niliishika tu dakika kumi. Naye alisimama pembeni dakika zote kumi, hakuichukua, hakunihimiza. Ilipoingia akasema tu, "Kesho utakuwa mkongwe." Nimejua baadaye kwamba anasimama hivyo kila asubuhi na wanawake saba au wanane.

Siku ya nane ya sindano, lifti ya jengo langu la ghorofa kumi na nne ilikwama jioni ikiwa na watu wanne ndani, mmoja ana pumu. Nilikuwa juu kabisa, chumba cha mashine, na dawa yangu iko kwenye friji nyumbani. Saa inakwenda. Nilimpigia Mwalimu, nikarudi kwenye gurudumu la kuishusha lifti kwa mkono, inchi kwa inchi, huku mwenzangu Bwana Grisi akipaza sauti kutoka chini kunielekeza. Watu walitoka salama. Nilipogeuka, Mwalimu yupo mlangoni. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa zote kumi na nne, maana lifti ya pili nayo ilikuwa imegoma, kakumbatia chupa ya chai iliyojaa barafu na sindano katikati. Alionyesha saa tu. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi mpaka viwikoni. Basi yeye, ambaye akiona damu hugeuka ukutani, alinawa kwa maji ya kunywa, akanidunga mwenyewe saa moja kamili. Bwana Grisi alifika akakuta nimefunua tumbo, akageuka nyuma haraka, akasema, "Mimi sijaona kitu na sitauliza kitu." Na hajauliza. Ila tangu siku ile kila kilicho kizito anakibeba yeye.

Walitoa mayai kumi na moja. Yaliyokomaa ni manane, yakatunga sita, siku ya tano vikabaki viinitete vitatu. Nilitegemea hesabu ipande, Shangazi, kumbe kila simu ya maabara ilikuwa ya kupunguza. Kimoja kimerudishwa Jumamosi. Haiumi, ni dakika chache, nilikiona kwenye skrini kama chembe ya mwanga. Viwili vimegandishwa. Damu nitapima tarehe mbili.

Ninatembea kama nimebeba yai kwenye kijiko, ingawa daktari anasema nitembee tu kama mtu.

Nyundo


12 Mei

Nyundo mwanangu,

Sijambo. Mvua imenyesha, bati halijavuja. Tarehe mbili imepita. Sikuharakishi. Nimekununulia sweta, rangi ni ya kwako wewe, si ya mtu mwingine.

Shangazi


2 Juni

Mwanangu,

Mwezi mzima hujaandika, kwa hiyo najua. Usijibu barua hii. Soma tu.

Uliniuliza kwa nini nilianza na swali lile. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini na mbili. Wewe unajua niliolewa, hujui niliachikaje. Nyumbani tulisema "hawakuelewana" na neno hilo likatosha. Tulielewana sana. Alikuwa fundi viatu, mcheshi, akirudi jioni nilimtambua kwa mluzi tangu kona ya mtaa. Miaka sita hakuna mtoto. Nilipelekwa kwa madaktari, nikapelekwa na kwa wasio madaktari. Nimekunywa vitu ambavyo sitavitaja. Yeye hakupelekwa popote, wala hakuna aliyeliwaza hilo, wala mimi. Siku moja dada zake walikuja, wakapanga nguo zangu vizuri kwenye sanduku, zimekunjwa na kupigwa pasi, wakanirudisha kwa baba yangu. Yeye alikuwa amesimama dirishani. Hakupiga mluzi.

Alioa tena. Akaoa mara ya tatu. Hakuwahi kupata mtoto, na hao wengine nao nilisikia walirudishwa. Nilipata kazi ya kusahihisha maandishi mwaka uliofuata, nikawa naona kosa la herufi moja kwenye ukurasa mzima. Lile lingine sikulitafuta. Sijawahi kwenda kupimwa. Nilisema sina haja. Ukweli ni kwamba kama ningeambiwa mimi ni mzima, ningefanya nini na miaka ile?

Sikukuandikia haya ili unionee huruma. Nilitaka ujue kwamba wewe umelala leo kitandani ukiwa na majibu, na mume anayeyajua. Huzuni yako ni ya kweli na si ndogo. Lakini hakuna anayekunja nguo zako.

Nakuja. Basi la tarehe tisa. Najua nachukia safari, usinikumbushe.

Shangazi


30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata salamu kwamba ulifika salama na kwamba ulimgombeza dereva kwa tangazo lenye makosa matatu.

Sikuweza kuandika. Majibu ya tarehe mbili yalikuwa sifuri. Nilikuwa nimejiandaa kwa "hapana", sikuwa nimejiandaa kuona aibu. Niliona nimewaangusha wote, hata ile chembe. Mwalimu aliendelea kwenda darasani, akirudi anapika, anafua, anazungumza na mimi kama mtu anayesoma gazeti kwa sauti ndani ya chumba kitupu. Sikumjibu wiki tatu. Kumbe naye alikuwa analia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Wewe ndiye uliyeniambia, maana ulimwona macho.

Ulipokuja nilidhani utanipa maneno. Ukasema tu unataka kuona lifti. Niliona ni utani, mguu ule! Lakini ulinivalisha viatu vya kazi mwenyewe, nikakupandisha mpaka chumba cha mashine. Ulisimama mbele ya mota, ukaweka kiganja juu yake, ukafumba macho. Ukasema, "Hii inaumwa. Upande huu." Mimi nina cheti cha kazi hii na sikuwa nimegundua. Tuliifungua baada ya wewe kuondoka: beringi ya upande uleule ilikuwa imeanza kuliwa. Ingekwama tena kabla ya mwezi kwisha. Bwana Grisi anataka kujua kama unatafuta kazi.

Nilicheka siku ile, ya kwanza tangu tarehe mbili. Wewe umepoteza masikio, umepoteza ndoa, ukasimama mbele ya mashine usiyoisikia ukaitibu. Nikasema basi, mimi nalala kwa nini?

La fundi viatu sitalitaja isipokuwa ukilitaja wewe. Nataka ujue tu kwamba nimelibeba.

Tunajaribu tena mwezi wa tisa. Vile viwili.

Nyundo


27 Septemba

Shangazi,

Hii ni fupi. Asubuhi ya tarehe kumi maabara walipiga simu: walipokiyeyusha cha kwanza, hakikuamka. Walisema kwa upole, huwa inatokea. Kikabaki kimoja. Mwalimu aliniuliza, "Tuendelee leo au tungoje?" Nikamwambia kungoja nako ni kuendelea, ila kunachosha zaidi. Wakakiyeyusha. Kikaamka. Kikarudishwa saa tano asubuhi, na yule muuguzi mwenye sauti ya kondakta alinishika mguu muda wote.

Juzi nimepima damu. Jana nimerudia ili kuhakikisha.

Ipo, Shangazi. Daktari anasema ni mapema, nisikimbie. Sikimbii. Nimekaa sakafuni sebuleni nakuandikia, na Mwalimu amekaa kando yangu, anahesabu wiki kwa vidole kama mtu asiyewahi kusoma hesabu.

Nyundo


6 Oktoba

Mwanangu,

Barua imefika. Hakuna kosa. Hata kama lipo, sikuliona, karatasi ililowa.

Kula. Lala. Mpende huyo mtu.

Shangazi


24 Mei

Shangazi yetu,

Shikamoo. Ni mimi Mwalimu ninayeandika, kwa sababu Nyundo amelala na ameniamuru niandike kabla wino wa habari haujakauka. Hayo ni maneno yake.

Ni msichana. Amezaliwa leo saa nne na dakika arobaini asubuhi, kilo mbili na gramu mia tisa. Uchungu ulichukua saa kumi na moja. Kwenye ya tisa Nyundo alimwambia mkunga kwamba anajua kabisa jinsi ya kufungua breki, tatizo ni kwamba hii haina. Wote wazima. Nimemshika. Sina cha kuongeza hapo, Shangazi. Nimejaribu sentensi nne na nimezifuta zote.

Ila kuna jambo ambalo Nyundo halijui bado, nami nimeona nikwambie wewe kwanza.

Mama yangu alikuja mchana. Tangu Jumapili ile ya karatasi, hatujawahi kulizungumza tena. Alikuwa akija, akileta chakula, akimuuliza Nyundo habari za mgongo, basi. Leo alikaa nami kwenye benchi la ukumbini kati ya wanawake wengi waliokuja kuwaona jamaa zao waliojifungua. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alimpongeza, kisha akamwinamia akamuuliza, lakini sote tulisikia: "Hatimaye! Na kumbe mkweo alikuwa na tatizo gani miaka yote hiyo?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Mkwe wangu hakuwa na tatizo," alisema. "Alikuwa nalo mwanangu huyu hapa. Sindano akapigwa mkwe, na maneno nikampiga mimi. Alivumilia vyote viwili." Kisha akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akamwambia yule mama, "Njoo umwone mjukuu wangu."

Mimi nilibaki kwenye benchi.

Mwanao,
Mwalimu


29 Mei

Mwalimu mwanangu,

Marahaba. Nimemsoma mtoto kwanza, kama inavyostahili. Kilo mbili na gramu mia tisa ni uzito wa heshima. Mshukuru mama yake kwa niaba yangu kabla hujamshukuru kwa niaba yako.

Kisha nimeisoma ile sehemu ya ukumbini. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kuusoma ukurasa wowote wa kulipwa.

Ni miaka arobaini na mitatu nangoja mwanamke mmoja, mama wa mtu, aseme maneno hayo mbele ya watu. Hakuyasema juu yangu, najua. Sikuwepo, wala hanijui vizuri. Lakini mwambie mama yako kwamba nimeyachukua. Mwambie kuna mtu mwingine alikuwa anayahitaji, na yamefika.

Nakuja kwa basi la Jumatano. Nataka nimshike mtoto, kisha nikae na mama yako kwenye benchi moja.

Shangazi